Nani Anashika Mjeledi? Sarakasi, Mapenzi na Filamu ya Ngong

Utangulizi

Kuna kauli moja iliyozoeleka mno katika uhakiki wa filamu za mapenzi ya kale, nayo ni kwamba mapenzi hayana rangi, hayana tabaka wala hayana mwenye shamba. Kauli hii haikosi kuletwa kila inapotajwa Out of Africa, filamu iliyoelekezwa na Sydney Pollack na kutolewa mwaka wa 1985, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa picha katika viunga vya magharibi vya Nairobi, chini ya milima ya Ngong. Mwanafunzi wa uzamili anayekusudia kuihakiki huanza kwa kukiri kwamba mandhari yake ni ya kikoloni. Kisha huliacha jambo hilo nje, kama mgeni avuavyo viatu mlangoni, akaingia ndani kuzungumzia upweke, uaminifu, usaliti na kifo. Dhamira zinaorodheshwa, wahusika wanagawanywa kuwa bapa na duara, picha za angani zinasifiwa, na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha.

Makala haya yanapinga usomaji wa namna hiyo. Yanashikilia kwamba ukoloni si mandhari ya mapenzi katika filamu hii, bali ndio unaoyawezesha kuwapo. Ardhi ambayo wapenzi wanaitembelea, saa za faragha wanazozipata, mikono inayowapikia, kuwafulia na kuwabebea mizigo, hata ukimya unaowazunguka wanapozungumza, vyote vimepatikana kwa nguvu ya sheria na ya mjeledi. Mhakiki anayeyatenga mapenzi hayo na mjeledi huo anajifanya hakuyaona mambo yanayoonekana waziwazi, na kujifanya huko hakumpi haki ya kudai kwamba hakuegemea upande wowote.

Ili kuithibitisha hoja hii, makala yanaipima filamu ya Ngong kwa filamu nyingine ya mapenzi ya kale, Water for Elephants, iliyoelekezwa na Francis Lawrence mwaka wa 2011 kutokana na riwaya ya Sara Gruen ya mwaka wa 2006. Matukio ya filamu hiyo yanatokea ndani ya sarakasi inayosafiri kwa garimoshi nchini Marekani. Huenda ulinganishi huu ukaonekana wa kulazimisha, kwa kuwa Ngong hapakuwa na hema. Hata hivyo, visa hivi viwili vinakutana katika mwaka mmoja: sarakasi ya Water for Elephants inasambaratika mwaka wa 1931, na ni katika mwaka huohuo wa 1931 ambapo Denys Finch Hatton alikufa kwa ajali ya ndege huko Voi, naye Karen Blixen akafilisika na kuondoka Kenya. Filamu zote mbili, basi, zinasimulia mapenzi yaliyochipuka ndani ya biashara iliyokuwa ikiporomoka. Zinatofautiana katika jambo moja tu, yaani ni ipi iliyokubali kumwonyesha mtazamaji yaliyo nyuma ya pazia.

Sarakasi kama kipimo

Neno sarakasi liliingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, lakini halikuja na mizigo yake yote. Kwa Mwafrika Mashariki wa kawaida, sarakasi ni mwili wa binadamu: kuruka, kujipinda, kubebana mabegani. Katika miaka ya 1960 Serikali ya Tanzania iliwatuma vijana China kujifunza sanaa hiyo, na hawakwenda kujifunza kufuga simba. Jijini Nairobi, jengo lililokuwa ukumbi wa sinema wa Shan, mtaani Ngara, liligeuzwa kuwa makao ya Sarakasi Trust, na hapo pia wanaotazamwa ni vijana wanaoitawala miili yao wenyewe. Magazetini neno hilo limepata maana ya tatu, ya kejeli, ambapo vitimbi vya wanasiasa huitwa sarakasi.

Sarakasi ya Ulaya na Marekani ya mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa kampuni yenye mmiliki, hema, vizimba vya chuma, wanyama waliotekwa mbali, na kundi kubwa la vibarua waliosimamisha hema asubuhi na kuling'oa usiku. Uwanjani palikuwa na taa, muziki na mwanamke aliyepanda farasi mweupe. Nyuma ya hema palikuwa na kinyesi, njaa na fimbo yenye ndoano. Riziki ya mmiliki ilitegemea mtazamaji asizione pande hizo mbili kwa wakati mmoja.

Water for Elephants inamwonyesha mtazamaji pande zote mbili. Jacob Jankowski, mwanafunzi wa utabibu wa mifugo aliyefiwa na wazazi, anadandia garimoshi la sarakasi ya Benzini, anaajiriwa, kisha anampenda Marlena, mke wa mmiliki August. Mapenzi yao hayaanzii mbingunia. Yanaanzia katika huruma ya pamoja kwa wanyama wanaopigwa, na kwa hiyo tangu mwanzo yanakutana na swali la nani ana haki ya kupiga. Mtazamaji anamwona August akimtesa tembo aitwaye Rosie. Anaona pia vibarua wasioweza kulipwa wakitupwa usiku kutoka kwenye garimoshi linaloendelea na safari. Hatimaye ni vibarua haohao wanaofungua vizimba katikati ya onyesho, na tembo aliyepigwa ndiye anayemuua mpigaji.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Filamu hiyo ina dosari zake. Inaligeuza suala la mshahara kuwa suala la wivu, na inapofika saa ya kisasi inampa tembo heshima ambayo ilistahili kuwaendea wafanyakazi. Licha ya hayo, haikuuficha mjeledi. Mtazamaji hawezi kutoka ukumbini akiamini kwamba wapenzi wale wangeweza kupendana vilevile pasipo hema, pasipo deni na pasipo mtu wa kulivuta kamba. Filamu ya Ngong haikidhi hata kiwango hicho cha chini.

Kilichoachwa nje ya kitabu

Aghalabu husemwa kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, alikwisha kulimaliza suala la Blixen, na kwamba anayelirudia anatwanga maji kinuni. Ni kweli kwamba katika Detained (1981), na tena katika insha iliyomo ndani ya Moving the Centre (1993), Ngũgĩ alionyesha jinsi mwandishi huyo anavyomsawiri Mwafrika kwa mizani ileile anayompimia mnyama, na jinsi mapenzi yake kwa mpishi wake yanavyofanana na mapenzi yake kwa mbwa. Hata hivyo, Ngũgĩ alikuwa akikijadili kitabu na mwandishi wake. Filamu ni matini nyingine, na tofauti kati ya matini hizo mbili haijafanyiwa kazi ya kutosha.

Kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1937 karibu hakina hadithi ya mapenzi kabisa. Finch Hatton anatokea ndani yake kama rafiki, mgeni na msimulizi mwenzi. Kurasa nyingi ni za shamba na watu wake. Sehemu ya kwanza inamhusu kwa mapana Kamante Gatura, mtoto mgonjwa aliyekuja kuwa mpishi. Sehemu ya pili yote ni kisa cha bunduki iliyofyatuka shambani na kuwaumiza watoto, pamoja na kesi ndefu ya fidia iliyofuata, ambapo wazee wa Kikuyu wanajadiliana kuhusu thamani ya uhai na deni la damu. Usawiri huo una kiburi cha bibi shamba, na Ngũgĩ alikuwa na haki ya kuukemea. Lakini angalau ndani ya kitabu Waafrika wana mabishano yao, sheria yao, ujanja wao na hasira zao. Wana mambo yanayowahusu wao kwa wao.

Mswada wa filamu ulioandikwa na Kurt Luedtke uliiondoa kesi ile ya fidia, ukampunguza Kamante akawa kijana mwenye kidonda mguuni, kisha ukaijaza nafasi iliyobaki kwa mapenzi. Mapenzi hayo yalikusanywa kutoka katika wasifu wa Blixen ulioandikwa na Judith Thurman na katika kitabu cha Errol Trzebinski kuhusu Finch Hatton, na vyote viwili vinatajwa katika filamu kuwa vyanzo vyake. Kisichotajwa ni masimulizi ya Kamante mwenyewe, yaliyokusanywa na Peter Beard na kuchapishwa kwa jina la Longing for Darkness mwaka wa 1975, yaani miaka kumi kamili kabla ya filamu. Haiwezi kudaiwa, basi, kwamba sauti ya mpishi haikupatikana. Ilikuwapo, imechapishwa, nayo haikuhesabiwa kuwa chanzo. Mapenzi ya wageni wawili yalipewa vitabu viwili vya nyongeza, ilhali mpishi alinyimwa hata kile chake kimoja.

Kwa hiyo kauli kwamba filamu "ililainisha" kitabu haina mashiko. Mkoloni wa mwaka wa 1937 aliwapa Waafrika wake kurasa ambazo mwelekezi wa mwaka wa 1985 aliwanyang'anya. Aliyewanyang'anya ni mapenzi, au tuseme mahitaji ya utanzu wa filamu ya mapenzi, ambao hauwezi kuwavumilia watu wenye mambo yao wenyewe kusimama kati ya kamera na wapenzi.

Simba wa California

Kuna tukio moja ambalo peke yake lingetosha kuibeba hoja hii. Vita Vikuu vya Kwanza vimeanza, na bibi anauongoza msafara wa magari ya maksai kuwapelekea wanajeshi chakula na vifaa. Usiku simba wanawavamia maksai. Bibi anachukua mjeledi na kumkabili simba kwa mapigo.

Wahakiki wameliita tukio hili ishara ya ujasiri wa mwanamke. Lakini mwanamke mwenye mjeledi mbele ya simba, mwangaza ukimmulika na watu wakimtazama kutoka gizani, ni picha kongwe kuliko zote za sarakasi. Si mfano wa kubuniwa na mhakiki, kwani simba waliotumiwa katika filamu walikuwa wamefunzwa, nao waliletwa kutoka California. Filamu iliyofika Kenya kutafuta pori halisi ilikuja na wanyama wake wa maonyesho, ikajenga upya nje ya jiji mji wa maonyesho ulioiga Nairobi ya miaka ya 1910, ikatumia jengo la utawala la Shule ya Nairobi, kando ya Waiyaki Way, kuigiza makao ya gavana, kisha ikafunga virago. Jengo hilo lenyewe lilifunguliwa mwaka wa 1931 kama Shule ya Prince of Wales, kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Hili halikuwa jambo la mandhari kukopeshwa mapenzi. Ukoloni uliazima majengo yake wenyewe ili ujiigize.

Katika tukio la mjeledi, inafaa mhakiki aulize walipo wanaume wanaoyaongoza maksai. Wapo pembeni. Hawana majina, na kazi yao ni kushangaa. Katika historia, watu wa aina hiyo ndio waliokufa. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika waliangamia katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi na uchovu, na mtaa wa Kariokor jijini Nairobi bado unalibeba jina la kikosi chao. Filamu inayageuza mateso ya wapagazi kuwa jukwaa la ujasiri wa mtu mmoja. Hapo ndipo sarakasi ya Ngong inapoizidi ile ya Benzini kwa ukatili, kwa kuwa Benzini aliwatupa vibarua wake gizani naye mtazamaji akaona, lakini Ngong wametupwa bila hata gizani kuonyeshwa.

Tukio la pili ni la gramafoni. Denys anaiweka porini, muziki wa Mozart unasikika, nyani wanasogea, naye anastaajabu kwamba viumbe hao hawakuwahi kusikia sauti iliyotengenezwa na binadamu. Watazamaji hucheka kwa upole. Nchi ambayo wachungaji wa Kimaasai walikuwa wakiimba na kupulizia pembe kwa vizazi inatangazwa kuwa haikuwahi kusikia sauti ya mtu. Maneno ya mapenzi yamebeba hapa dai lilelile la ardhi isiyo na mwenyewe ambalo wanasheria wa Kiingereza walilihitaji, na yamelibeba kwa wepesi ambao hakuna sheria iliyoweza kuufikia.

Nje ya hema

Yaliyokuwa yakitendeka Nairobi wakati wapenzi wanasomeana mashairi yanajulikana. Sheria ya Ardhi za Ufalme ya mwaka wa 1915 iliwapa walowezi ukodishaji wa miaka 999. Sheria ya mwaka wa 1918 iliwabana maskwota wafanye kazi siku 180 kwa mwaka kwenye shamba la mlowezi ili waruhusiwe kuishi juu ya ardhi ambayo wengi wao walikuwa wameikuta kwa baba zao. Kipande kilifuata, kikaning'inizwa shingoni. Mwaka wa 1922 Harry Thuku alikamatwa, na tarehe 16 Machi umati uliokusanyika kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Takwimu rasmi zilitaja watu 21 waliouawa. Wengine wanasema walikuwa wengi zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewatia wanaume ari kwa kuwaaibisha hadharani, alikuwa miongoni mwao. Masimulizi mengi yanaeleza kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Hoteli ya Norfolk nao walishiriki kufyatua.

Norfolk imepakana na Chuo Kikuu cha Nairobi, mkabala na Jumba la Kitaifa la Maonyesho. Mwanafunzi anayetoka darasani akiwa na tasnifu yake kuhusu dhamira ya upweke katika Out of Africa anapita karibu na mahali watu walipouawa katika miaka ileile ambayo filamu inaisimulia. Filamu haiwaonyeshi wala haiwataji. Inao muda wa kutosha kumwonyesha Denys akimwosha bibi nywele kando ya mto.

Haisemwi hapa kwamba kila filamu ya mapenzi iwe somo la historia. Kinachosemwa ni kwamba filamu hii ilichagua mji, miaka na shamba halisi, kisha ikaomba iaminiwe kwa sababu ya uhalisi huo. Anayeomba kuaminiwa kwa jambo moja hana budi kukubali kuulizwa kwa jingine.

Hoja za watetezi

Watetezi wa filamu wana hoja nne, nazo zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni kwamba filamu yenyewe inaukosoa ukoloni: Denys anamkumbusha bibi kwamba wao si wenye nchi bali wapita njia, naye bibi anapiga magoti mbele ya gavana kuwaombea Wakikuyu ardhi. Ukosoaji wa Denys, hata hivyo, umeelekezwa kwenye umiliki wa mtu kwa mtu. Anachokikataa hasa ni ndoa. Mtu anayejipatia riziki kwa kuwaongoza matajiri wakawinde anaweza kujiita mpita njia kwa sababu njia yenyewe imefunguliwa na bunduki za wengine. Tena, anaposema kwamba wao si wenye nchi, hakuna anayegeuka kumuuliza mwenye nchi. Kuhusu magoti, tukio hilo linaigeuza haki kuwa sadaka. Katika historia baadhi ya maskwota wa shamba hilo walipewa mahali katika msitu wa Dagoretti. Katika filamu ardhi hiyo ni kipimo cha wema wa bibi, inatoka mkono mweupe kwenda mkono mweupe, na wanaohusika hawana neno la kusema.

Hoja ya pili ni ya ajira na utalii. Wakazi wengi walipata vibarua katika upigaji picha, na wageni wameendelea kumiminika. Hakuna anayewadharau waliofanya kazi hiyo, na huenda wengine wao ni wajukuu wa watu waliotajwa kitabuni. Lakini sarakasi ya Benzini nayo iliajiri, ilinunua majani ya farasi, na iliwafurahisha watoto kila kituo. Hesabu ya mapato ni kazi ya wizara. Mhakiki anayeigeuza kuwa hoja ya kisanaa ameacha kazi yake akachukua ya mwingine.

Hoja ya tatu ni ya fani. Filamu ilipata tuzo saba za Oscar, zikiwamo za filamu bora, upigaji picha wa David Watkin na muziki wa John Barry. Uzuri huo haukanushwi hapa, bali ndio unaoshtakiwa. Chukua ile safari ya ndege, ambayo wengi huihesabu kuwa kilele cha mapenzi ya wawili hao. Kutoka angani nchi inaonekana haina mpaka, haina nyumba inayolipiwa kodi, haina mtu mwenye kipande. Umbali wa kamera unafanya kazi ambayo sheria ya mwaka wa 1915 iliifanya kwa wino, yaani kuifanya ardhi ionekane tupu, kisha kuikabidhi kwa anayeitazama. Muziki unapopanda, mtazamaji anaombwa aisikie furaha ya kumiliki kama furaha ya kupenda. Mhakiki anayeisifu fani hii huku akidai kuyaacha maudhui kando hajui kwamba ameshayasifu.

Hoja ya nne ni kwamba kazi ya sanaa ipimwe kwa mizani ya wakati wake. Na ipimwe hivyo. Wakati wa filamu hii ni mwaka wa 1985, miaka 22 baada ya Uhuru, na miaka 17 tangu Ngũgĩ, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Ni miaka mitatu tu tangu ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ, uliojengwa Limuru kwa mikono ya wakulima na vibarua, ulipobomolewa na dola mwaka wa 1982, baada ya kikundi hicho kunyimwa nafasi ya kuonyesha Maitũ Njugĩra katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho. Mji wa maonyesho wa wageni uliruhusiwa kusimama Nairobi, ilhali ukumbi wa wenyeji uliangushwa. Mizani ya wakati wake inaihukumu filamu hii kwa ukali zaidi kuliko mizani ya leo.

Hema lilipong'olewa

Sarakasi inapoondoka huacha alama ya duara ardhini. Filamu ya Ngong iliacha zaidi ya hiyo. Nyumba ya Blixen, ambayo Serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya baada ya Uhuru, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1986, mara tu filamu ilipokwisha kujipatia sifa, na baadhi ya vitu vilivyotumiwa na waigizaji viliingizwa humo. Mgeni anayezuru huonyeshwa kwa mpigo mmoja mabaki ya historia na mabaki ya maigizo. Mtaa wa Karen umesimama juu ya ardhi ya kampuni ile ya kahawa iliyofilisika, na umebaki miongoni mwa mitaa ya ua mrefu na lango lenye walinzi. Mapenzi yaliyodaiwa kuwa hayana mwenye shamba yamekuwa tangazo la thamani ya shamba.

Wakati huohuo, hadithi nyingine za mapenzi zilikosa pa kusimama. Mwaka wa 1986 Sao Gamba alitoa Kolormask, filamu ya Kikenya kuhusu ndoa ya Mkenya na Mwingereza. Kwa kila hali ilikuwa jibu tayari kwa filamu ya Pollack, lakini haijapata nafasi inayolingana na hiyo katika mihadhara wala katika makumbusho yoyote. Mwaka wa 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu, mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilipigwa marufuku na Bodi ya Filamu, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Vyovyote anavyoyaona mhakiki maudhui ya filamu hiyo, hawezi tena kusema kwamba mapenzi kwenye skrini za Nairobi hayana siasa. Mapenzi mengine hupewa nyumba ya ukumbusho na mengine hupewa siku saba.

Hapa ndipo idara za fasihi zinapobeba lawama yao. Zimekifundisha kitabu cha Blixen pamoja na jibu la Ngũgĩ, na hilo ni jema, lakini filamu, ambayo ndiyo watu wengi wanayoijua, zimewaachia waongoza watalii. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha jumba lake la maonyesho ya kusafiri mwaka wa 1974, wanafunzi walibeba michezo yao hadi mikoani bila kutoza kiingilio, na hema lao, kama lilikuwapo, halikuwa na nyuma wala mbele: mtazamaji na mwigizaji walisimama juu ya udongo mmoja. Urithi huo ndio unaoipa idara haki ya kuzihoji sarakasi za wengine. Usipotumika, utabaki kutajwa katika hotuba za maadhimisho.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Out of Africa haikuyakuta mapenzi kitabuni, bali iliyaweka mahali palipokuwa na watu. Kwamba fani yake, kuanzia mjeledi wa usiku hadi picha za angani, ndiyo inayobeba itikadi yake. Na kwamba watetezi wake hulichukulia tangazo kuwa hoja. Imeonyeshwa pia kwamba filamu ya sarakasi, pamoja na udhaifu wake wote, ilikubali kuyasimulia mapenzi huku fimbo ikionekana. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Nyasi hizo huumia pia tembo hao wapendanapo, na mhakiki aliyesimama juu yake hana udhuru wa kutozihisi.

Kinachodaiwa hapa si kupigwa marufuku kwa filamu yoyote, marufuku zimetosha. Kinachodaiwa ni kwamba Out of Africa iingizwe darasani kama matini, isomwe sambamba na masimulizi ya Kamante na filamu ya Gamba, na kwamba tasnifu itakayozungumzia mapenzi ya Ngong bila kuzungumzia 1915, 1918 na 1922 irudishwe kwa mwandishi wake ikakamilishwe. Mwishoni mwa filamu, bibi anayeondoka anamwomba Farah, aliyemhudumia miaka yote, alitamke jina lake, naye Farah analitamka. Watazamaji hulia hapo. Uhakiki unaostahili jina lake uanzie hapo hapo, kwa kuuliza ni lini katika filamu hiyo Farah naye alipata kuombwa aeleze habari zake.